Wa Tisa kati ya Tisa

Hanan alitoka kwao Makina saa tatu asubuhi, akapita Kibera Drive, akavuka barabara ya Ngong, na ilipogonga saa nne na nusu alikuwa anateremka kuingia Kawangware bila kuwa ameamua ataanza na neno gani. Alikuwa ametembea njia nzima kwa miguu, kwa sababu hasira yake haikutaka kukaa kwenye kiti. Miezi saba ya chuo cha kijeshi ilikuwa imempa mwendo mmoja tu, mrefu na wa haraka, na watu wa sokoni walimpisha bila kujua kwa nini wanampisha. Goti lake la kushoto lilianza kuuma alipokuwa bado hajafika nusu ya safari. Hakupunguza mwendo.

Aliyekuwa anamwendea ni Lazarus, kadeti mwenzake. Walikutana uwanjani siku ya usajili, wakapangwa foleni moja, wakagawana chupa ya maji chini ya jua kali, na jioni ile walipoitwa majina yao kuwa wamechaguliwa, Hanan alijua kwamba amepata mambo mawili kwa siku moja. Chuoni mapenzi kati ya makadeti ni marufuku. Basi kwa miezi saba walikuwa wamependana kwa macho. Kila Jumatano walipopewa chungwa baada ya chakula, Lazarus alikula nusu, akaiacha nusu nyingine ukingoni mwa meza, akaondoka na sahani yake. Hanan alipita nyuma yake na kuichukua. Hakuna aliyewahi kuona.

Na huyu ndiye aliyemwandika wa tisa.

Chuoni wana njia nyingi za kumpima anayetaka kuwa afisa. Wanamwamsha saa kumi alfajiri na kumkimbiza. Wanamsomesha ramani, sheria na historia ya vita huku macho yanafumba kwa usingizi. Wanampa wenzake awaongoze wiki moja, kisha wanamnyang'anya uongozi na kumweka chini ya yule yule aliyekuwa anamwamuru juzi, waone atatii kwa uso gani. Wanawapeleka msituni kwa luteka ya siku tano, mvua iwanyeshee, walale saa mbili kwa siku, ili ijulikane kila mmoja anageuka kuwa mtu wa namna gani njaa ikimbana.

Lakini kipimo kinachoogopwa kuliko vyote ni karatasi. Kila kikundi kina makadeti kumi. Kila mmoja huketi peke yake na kuwapanga wenzake tisa: wa kwanza ni yule ambaye angemfuata vitani bila kuuliza, na wa tisa ni yule ambaye asingependa kumfuata kabisa. Penye jina la wa kwanza na la wa tisa, huandika sababu, na sababu ya wa tisa inaweza kumrudisha mtu nyumbani. Karatasi hazitiwi saini. Walimu huziamini sana, maana mtu anaweza kumdanganya mwalimu mwaka mzima, lakini ni vigumu kumdanganya aliyelala naye shimo moja.

Ijumaa, kabla ya kupewa pasi ya siku mbili, Hanan aliitwa ofisini kwa Kapteni Nafuna, mwalimu wa kikundi chao, mwanamke asiyepandisha sauti.

"Wanane wamekuweka kati ya wa kwanza na wa tatu," kapteni alisema. "Mmoja amekuweka wa tisa. Nakusomea sababu yake. 'Ana jeraha la goti la kushoto tangu luteka na analificha. Kiongozi anayeficha jeraha atawaponza wenzake.'" Akaweka karatasi chini. "Kadeti, una jeraha?"

"Hapana, afande."

Lilimtoka kabla hajalifikiria. Kapteni alimtazama kidogo, akaandika kitu kwenye faili.

"Nimekusikia. Kikao cha walimu ni Jumatatu. Nenda ukapumzike."

Hanan alipotoka nje aligundua mambo mawili, moja baada ya jingine. La kwanza, jeraha humrudisha kadeti nyuma tu, akaanza tena na kundi linalofuata, lakini uongo humrudisha nyumbani moja kwa moja. La pili, duniani kote kulikuwa na mtu mmoja tu aliyejua habari za goti lile. Lilipinda siku ya nne ya luteka, walipokuwa wanashuka bonde na shanta mgongoni. Mchana ule aliwekwa lindo pamoja na Lazarus, wamelala kifudifudi kwenye handaki lenye maji, na alimwambia kwa kunong'ona kwa sababu maumivu yalikuwa yamemshinda. Lazarus alitoa bendeji kutoka kwenye begi lake mwenyewe, akalifunga goti taratibu kama mtu anayefunga zawadi.

"Usimwambie mtu," Hanan alimwambia siku ile.

"Nimwambie nani?" alijibu Lazarus.

Sasa alikuwa anakwenda kumjibu swali hilo.

Filister, mama yake Lazarus, alikuwa kibandani kwake anachambua omena kwenye ungo. Zamani aliuza Kisumu Ndogo, huko huko Kibera, akahamia Kawangware Lazarus akiwa na miaka kumi, na bado aliwaita wateja kwa sauti ile ile ya huko.

"Nyar Kibra," alisema alipomwona Hanan. Ndivyo alivyomwita siku zote, binti wa Kibera. "Umekonda. Huko wanawapa chakula ama wanawaonyesha tu?"

"Wanatupa, mama. Tunakula dakika saba."

"Dakika saba ni ya kumeza, si ya kula. Lazarus tangu jana anakula kama mtu anafukuzwa. Nimemwambia hapa ni kwetu, hakuna mtu atakunyang'anya sahani." Akamwangalia vizuri. "Uso wako si wa salamu."

"Yuko wapi?"

"Nyuma, anachota maji. Mmekosana?"

"Sijui bado, mama."

"Unajua. Haya, enda. Lakini mgombanie mbali na hapa, wateja wakisikia kelele watafikiri ni samaki wangu wameoza."

Lazarus alikuwa ameinama kwenye bomba nyuma ya ukuta wa mabati, mtungi mmoja umejaa, wa pili unajaa. Kichwa chake kilinyolewa vile vile kama cha kila kadeti, lakini nguo za nyumbani zilimfanya aonekane mdogo. Alipomwona Hanan uso wake ulifunguka wote, kwa furaha ya mtu ambaye kwa miezi saba hajaruhusiwa kutabasamu, na kwa nukta moja Hanan alitamani awe amekosea.

"Niaje," Lazarus alisema. "Si tulisema tutapatana kesho stendi? Nilikuwa nataka nikuletee—"

"Wa tisa."

Tabasamu lilibaki pale lilipokuwa, lakini furaha ilikuwa imeondoka. Lazarus aliunyosha mkono na kufunga bomba.

"Hanan, wacha nikueleze."

"Sijakuja kuelezwa. Nimekuja nisikie ukikubali ama ukikataa."

"Ni mimi."

Hanan alikuwa amejiandaa kwa kukataliwa. Njiani alikuwa ametengeneza majibu ya kila uongo ambao angeambiwa, na yote yakawa hayana kazi.

"Umesema hivyo tu. Kama mtu ameulizwa saa."

"Unataka niseme aje? Goti liko vibaya na wewe unajua. Wiki jana kwa ukuta wa mazoezi ulishuka ukatua na mguu mmoja. Wengine hawakuona. Mimi niliona."

"Ungeniambia."

"Nilikuambia mara tatu. Ukasema ni kitu kidogo."

"Ungeniambia ya nne. Ungesema, Hanan, kesho naenda kwa kapteni, na naenda na jina langu. Ningejam. Ningekaa hata wiki bila kukuangalia. Lakini ningejua nimepigwa na nani. Wewe umenipitia kwa karatasi haina saini."

"Si walitufundisha kusema ukweli."

"Walitufundisha kuusema tukiwa tumesimama mbele ya mtu."

Mwanamke mmoja alikuja na ndoo, akawaangalia, akaamua maji yanaweza kungoja, akarudi. Lazarus alifuta mikono kwenye suruali. Haikuwa sura ya mtu mbaya, na hilo lilimuudhi Hanan zaidi. Angekuwa mtu mbaya, angemaliza naye pale na kurudi zake.

"Na kuna kitu kimoja sijaelewa," alisema, sasa polepole, maana jambo hili alikuwa amelizungusha kichwani tangu barabara ya Ngong. "Sababu inaandikwa ya wa kwanza na ya wa tisa. Kama shida yako ilikuwa goti, ungeniweka wa kwanza na uandike hapo. Ungesema, huyu ningemfuata, lakini goti lake liangaliwe. Ungekuwa umesema ukweli na hungenimaliza. Kwa nini wa tisa?"

"Ningekuweka wa kwanza wangekutibu tu, wakurudishe kwa kundi la nyuma."

"Na?"

Lazarus alikaza kifuniko cha mtungi. Hanan aliyarudia maneno yale kichwani, moja moja, hadi akafika mahali yalipopasuka.

"Wewe ulitaka nirudi nyumbani," alisema.

"Nilitaka upone."

"Lazarus. Hicho si kitu nimekuuliza."

Lazarus alikaa juu ya mtungi uliojaa, viwiko magotini, kama alivyokaa siku ya nne ya luteka walipopotea na yeye ndiye aliyekuwa na ramani.

"Ile siku ya wazazi," alisema. "Mamako aliniita kando, pale kwa matangi. Sijui alinitambua aje, hatukuwa tumewahi kuonana. Akaniuliza goti lako lina nini."

"Mama hajui kitu kuhusu goti."

"Aliona ukiswali. Alisema tangu ukiwa mdogo unakaa ukiwa umekunja miguu yote miwili, na siku hiyo ulinyosha mmoja kando. Akaniangalia hivi. Mimi nikashindwa kumdanganya."

Hanan aliikumbuka swala ile, kwenye nyasi nyuma ya bwalo, mama yake nyuma yake. Alidhani mama yake anaomba dua.

"Halafu akasema," Lazarus aliendelea, na sauti yake ikashuka, "atakayemrudishia binti yake akiwa na miguu miwili, huyo atamwita mwanawe. Alisema wajomba zako atawaongelesha mwenyewe. Hata mambo ya dini yataongewa kwa upole, hakuna mtu atanifungia mlango. Hanan, mimi nimesikia 'haiwezekani' kutoka kwenu na kutoka kwetu tangu siku ya kwanza. Mathe wangu kila siku ananiuliza wajukuu wake watakuwa upande gani Jumapili. Hiyo ndiyo siku ya kwanza mtu mzima aliniambia inawezekana. Nilikuwa nimechoka kukupenda kwa nusu chungwa."

"Ukakubali."

"Nilifikiria utarudi, utapona, nikihitimu tutaoana. Mmoja wetu akiwa afisa ingetosha."

"Ingemtosha nani?"

Lazarus aliinua macho. Pengine ndiyo mara ya kwanza swali hilo lilipomfikia. Hanan alipofungua mdomo sauti ilitoka ya chini, tulivu kuliko alivyotarajia.

"Mlikaa chini, wewe na mama, mkanipanga. Mtu ananitaka nyumbani, mtu ananitaka mke, na wote mnanipenda sana. Ni mimi tu sikuitwa kwa hicho kikao."

Aligeuka akaondoka. Nyuma yake alisikia Lazarus akiinuka. Walipita mbele ya kibanda, mmoja mbele, mwingine hatua kumi nyuma, na Filister akainua macho kutoka kwenye ungo.

"Lazarus, maji yangu iko wapi?" aliuliza. Aliwatazama hadi wakapotea, kisha akasema peke yake, "Basi leo tutapikia mate."

Mabruka, mama yake Hanan, alikuwa ameketi barazani Makina akishona kifuniko cha sinia kwa ukili wa rangi, kama walivyofundishwa wanawake wote wa Kinubi wa rika lake. Ndani, ukutani, babu wa babu alisimama kwenye picha yake na kofia ndefu ya askari, bunduki begani. Hanan alikua chini ya picha ile. Tangu akiwa mtoto alikuwa ameambiwa kwamba ukoo wao ni wa askari, kwamba waliletwa hapa kama askari na wakapewa hapa pa kukaa kwa sababu ya uaskari, na kwamba katika vizazi vinne hakuna hata mmoja wao aliyewahi kupita cheo cha sajenti. Siku alipochaguliwa kuwa kadeti, mjomba Umar alilia mbele za watu.

"Umerudi haraka," Mabruka alisema. Kisha akamwona Lazarus mlangoni pa uwanja, na mikono yake ikasimama. "Ingia, mwanangu. Utasimama hapo kama mtu wa stima?"

"Usimwite mwanao," Hanan alisema.

Mabruka alitazama uso wa binti yake, akatazama wa Lazarus, akaweka kifuniko kando.

"Amekuambia."

"Ulitarajia nijue siku gani, mama? Siku ya harusi?"

"Kaa chini kwanza. Umetembea na huo mguu?"

"Sitaki kukaa. Mmenisifia damu ya askari tangu nizaliwe. Mkasema mnataka mmoja wetu avae nyota begani kabla mfe. Nimeenda. Nimelala kwa matope, nimekimbia nikitapika, nimevumilia kuitwa majina. Nimebakisha miezi mitano. Halafu wewe, mama, wewe mwenyewe, unamtuma mtu anitoe."

"Sikumtuma aandike kitu. Nilisema tu anirudishie mtoto."

"Ulifikiri atanibeba mgongoni?"

Mabruka hakukasirika. Alikunja mikono mapajani, na alipoanza kusema alimsemesha Lazarus, kana kwamba ni yeye asiyejua.

"Baba yangu alikuwa askari. Abdelrahim. Nilikuwa na miaka kumi na mbili alipoletwa nyumbani bila mguu. Watu walikuja hapa barazani, wakamsifu, wakanywa chai yangu, wakaondoka. Mimi nilibaki. Mimi ndiye nilimshika bega kwenda chooni, asubuhi na jioni, miaka tisa. Yeye mwenyewe alikuwa anafunga macho tukienda, asinione. Huyu," akamwonyesha Hanan kwa kidevu, "nilimwona siku ile akinyosha mguu kando, na nikasikia uzito wa baba begani. Hapa."

Jirani alikuwa anakaanga vitunguu, na harufu ikawapitia wote watatu. Hanan hakuwahi kuambiwa habari za kufunga macho. Alikuwa anamjua babu yake kwa medali tu. Alitamani kumshika mama yake mkono, na wakati huo huo alikuwa bado na hasira, na hakuona ni kwa nini jambo moja lilazimike kuliondoa jingine.

"Ungeniuliza," alisema.

"Ningekuuliza, ungekubali kurudi?"

"Ningekataa."

"Ndiyo maana sikuuliza."

"Basi huko kukataa kulikuwa kwangu, mama. Hukuwa na ruhusa ya kuninyang'anya. Na yeye umempa ahadi ya kitu si chako. Hata akitaka kunioa, anayeombwa ni mimi."

Goti lilichagua wakati huo kukataa. Hanan alishika nguzo ya baraza, na kabla hajaanguka mama yake alikuwa ameshamketisha na kumkunjia suruali. Goti lilikuwa limevimba na kuwa jekundu, ngozi imekaza. Mabruka alipiga ulimi, akaingia ndani, akarudi na mafuta ya simsim aliyoyapasha moto, akaanza kulikanda kwa vidole vigumu bila kuuliza.

"Kesho nitaripoti mwenyewe," Hanan alisema juu ya kichwa cha mama yake. "Nitamwambia kapteni goti ni bovu na kwamba Ijumaa nilimdanganya. Wakinirudisha nyuma, nitaanza upya na hao wengine. Wakinifukuza, nitarudi hapa, na nitakuwa nimefukuzwa kwa kosa nilifanya mimi. Si kwa lenu."

Vidole vya Mabruka vilisimama, kisha vikaendelea.

"Na ukirudi hapa?"

"Nitakuwa na hasira na wewe hapa hapa. Hutakuwa umenipoteza."

Lazarus alikuwa bado amesimama pale mlangoni. Hakuingia, hata alipoitwa mara ya pili.

"Na mimi?" aliuliza.

"Wewe nini?"

"Nifanye nini? Niambie. Nitafanya."

"Hapana. Wewe ukiambiwa kitu unafanya, hiyo nimeiona. Sitakuambia."

Lazarus aliinama. Alichora kitu vumbini kwa ncha ya kiatu, akakifuta.

"Wewe uliniandika wa ngapi?"

"Wa kwanza."

Akamtazama. "Sababu uliandika nini?"

"Niliandika," Hanan alisema, na hapo ndipo sauti ilipomsaliti kwa mara ya kwanza siku ile, "kwamba ukimwambia neno, linakaa."

Lazarus akamwambia Mabruka kwaheri kwa heshima, akaondoka. Mabruka alimwangalia akienda hadi alipokunja kona ya msikiti.

"Nilikuwa nimempenda yule," alisema.

"Mimi bado nampenda," Hanan alijibu. "Ndiyo inaniudhi."

Jumapili saa kumi na moja jioni, makadeti wote walikuwa wamepangwa safu tatu mbele ya lango la chuo, mabegi miguuni, buti zimeng'aa, majina yameitwa. Kapteni Nafuna ndiye aliyekuwa zamu. Alipita mbele yao polepole, akakagua vifungo na kucha, kisha akarudi katikati na kuuliza lile swali ambalo huulizwa kila baada ya pasi, na ambalo hakuna aliyewahi kulijibu tangu waingie chuoni miezi saba iliyopita.

"Mwenye jambo la kuripoti, hatua moja mbele."

Katika gwaride hatua ya kwanza huwa ya mguu wa kushoto. Hanan aliitoa.

"Kadeti."

"Nina jeraha la goti la kushoto tangu luteka, afande. Nililificha."

"Ijumaa nilikuuliza."

"Nilikudanganya, afande."

"Kwa nini?"

"Nilitaka kubaki, afande."

Kapteni alikuja akasimama karibu yake kiasi cha kuona jasho. "Nani amekuambia uje useme haya?"

"Hakuna, afande."

Hanan alisikia buti ikigonga lami, safu ya nyuma yake, upande wa kulia. Hakugeuza kichwa. Hakuhitaji. Angeitambua hatua ile kati ya hatua mia.

"Karatasi iliyomweka wa tisa ni yangu, afande," Lazarus alisema. "Habari ya goti ni kweli. Kumweka wa tisa ni uongo."

"Ungemweka wa ngapi?"

"Wa kwanza, afande. Ningemfuata popote."

"Na uliandika wa tisa kwa sababu gani?"

Hanan aliangalia mlingoti wa bendera mbele yake na kuomba asiseme, na akaomba aseme.

"Nampenda, afande. Nilitaka arudi nyumbani nimpate kwa urahisi. Sikumwuliza."

Mtu alikohoa nyuma. Kapteni Nafuna alimwangalia mmoja, akamwangalia mwingine, na kama kulikuwa na kitu usoni mwake, hakikukaa vya kutosha kusomeka.

"Kesho kikao kitakuwa kirefu," alisema hatimaye. "Wote wawili, tokeni kwenye safu. Simameni kando, nyuso mbele, hadi niwamalize wengine."

Walitoka. Walisimama ubavuni mwa lango, hatua moja kati yao, mikono imenyooka, macho mbele kama walivyofundishwa. Goti lilikuwa linapwita. Hasira ya Hanan ilikuwa bado nzima, hakuna kilichopungua, na alijua itamchukua wiki nyingi, pengine miezi, na pengine itawakuta mahali tofauti, mmoja chuoni na mwingine kwao. Hata hivyo alisimama pale pale alipowekwa. Hakusogea mbali.

"Linauma?" Lazarus aliuliza, midomo yake haikusogea.

"Usiongee mstarini, kadeti," Hanan alisema.